Kijiti Alichokileta Dulla

Binti yangu Recho alipokuwa kazini alikaa ndani kabisa mwa fremu yetu ya biashara, mgongo ukutani, ili mwanga wa barabarani usipige kioo cha kompyuta. Mlangoni nilikaa mimi na friji yangu ya barafu na maji ya kunywa. Aliyeingia nilimwona mimi kwanza, na aliyebeba kitu nilijua amebeba nini. Recho alinitania kwa hilo. Aliniita kamera ya mlangoni.

Tunaishi Mbwawa, huku Kibaha, upande wanakojenga wageni. Sisi wenyewe tulikuja. Mume wangu Evodius alihamishiwa huku kikazi kutoka Bukoba, nikamfuata na mtoto mgongoni na elimu yangu ya darasa la saba. Evodius alifariki Recho akiwa kidato cha pili. Picha zake tunazo, hata ile ya kitambulisho ambayo mwenyewe hakuipenda. Sauti yake hatuna popote. Nadhani ndiyo maana Recho, alipojifunza kuhariri video za sherehe, alikuwa na jambo moja asilolegeza: mzee akisimama kusema, kamera imsogelee. Watu wakikosekana kwenye kukata keki, potelea mbali. Maneno ya mzazi yakikatwa, siku yake imeharibika.

Mwenzake kazini alikuwa Dulla, kijana wa Kisarawe mjini. Dulla alishika kamera, Recho akashika kompyuta. Kulikuwa na mengine kati yao ambayo mimi sikuulizwa. Dulla ana maneno matamu na huamkia watu vizuri, na mimi mtu anayeniamkia vizuri kupita kiasi huwa namtazama mikono.

Ijumaa moja nilikuwa nimeweka ubao wa pasi palepale mlangoni, nanyoosha gauni la kitenge ambalo Recho angevaa kesho yake kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, huko Maneromango. Recho alikuwa ameenda kusuka. Dulla akaja akipiga mluzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Recho hayupo."

"Afadhali. Nataka akirudi akute mashine yake imekuwa kijana."

Akachomoa kitu kwenye mfuko wa shati. Kilikuwa kijiti chembamba, urefu wa kitana, kina vidude vyeusi vimepangwa juu yake. Kilitoka pamoja na funguo na maganda ya karanga. Akakipuliza, akakifuta kwenye suruali.

"Ni nini hicho?"

"RAM, mama. Kompyuta ikifanya kazi, mambo inayashikilia humu. Ilikuwa na kimoja, sasa inapata cha pili. Nimekipata Kariakoo kwa jamaa yangu, kitu kizima kabisa."

"Kitu kizima kinakaa na karanga?"

"Mama Recho, wewe serikali imekukosa. Ungekuwa mpelelezi."

Akafungua boksi la kompyuta, akakisukuma kijiti mpaka kikalia, akafunga. Mimi nikaendelea na marinda ya gauni.

Jumamosi asubuhi Recho alimwaga kwenye kompyuta, kutoka kadi ya kamera, video ya akika ya mjukuu wa jirani yetu Bi Zena, akampa nakala yake kwenye flashi palepale, kisha wakaondoka. Sherehe ilikuwa ya binti aitwaye Maua, mtoto wa Mzee Fabian, mkulima na mzee wa kanisa kule Maneromango. Walirudi na tope magotini na kuku wa kuchoma kwenye mfuko. Recho alifurahi. Aliniambia baba wa binti alisimama akasema kwa muda mrefu, mpaka MC akaanza kukohoa kwenye kipaza sauti, na Dulla alimsogelea kama alivyoagizwa.

Jumapili wakamwaga video zote kwenye kompyuta na kuzifuta kadi za kamera. Hivyo ndivyo wafanyavyo wengi wa kazi ile. Kadi ni chache, sherehe zinafuatana. Siku hiyo kulikuwa na kipaimara hapa Kibaha, kadi zikajazwa tena kabla jua halijapinda. Video ya Maneromango ikabaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya boksi lile.

Haikupita wiki, kompyuta ikaanza kuzimika. Haikuwa kila wakati. Akichapa barua za watu au kusafisha picha za pasipoti, inakwenda vizuri tu. Akipandisha video ndefu, kioo kinageuka bluu, kinaandika maneno ya kuomba radhi, kinajiwasha upya, na alichofanya tangu asubuhi kimepotea. Mimi nilijua kabla hajasema, kwa sababu feni ya ndani ilikuwa ikinyamaza ghafla, na baada ya feni anayenyamaza ni Recho.

Dulla alisema ni umeme wa huku, unapanda na kushuka. Wakaleta stebilaiza. Kioo kikageuka bluu. Dulla akasema ni vumbi na joto. Recho akaibeba hadi nje, akaipuliza mpaka barafu zangu zikapata rangi, akairudisha. Ikageuka bluu. Wakaazima kwa fundi mwingine kile kiboksi kinachogawa umeme humo ndani. Bluu.

"Na kile kijiti ulichoweka?" nikamuuliza Dulla nikiwa mlangoni.

Hakugeuka. "Kile hakihusiki, mama. Kingekuwa kibovu mashine isingewaka kabisa."

Recho alinitazama kwa jicho la kuniomba ninyamaze. Nikarudi kwenye barafu zangu. Lakini niliona kwamba Dulla alijibu haraka kuliko kawaida yake.

Ndipo Maua akapiga simu. Baba yake alikuwa ameanguka shambani. Kiharusi. Upande mmoja umelala na mdomo umepinda. Alikuwa mzima wa akili, anaelewa kila unachomwambia, ila neno halitoki. Maua alikuwa amerudi Maneromango kumuuguza.

"Dada Recho," nilimsikia, simu ilikuwa na sauti kubwa, "sitaki video yote. Nataka pale baba alipokuwa anasema. Hapo tu."

"Ipo, dada. Mashine inasumbua kidogo, lakini ipo."

"Kweli ipo?"

"Ipo."

Nilisikia lile ipo la pili. Sikupenda mtoto wangu aahidi kitu kilichomo ndani ya boksi linalozimika.

Kuanzia hapo Recho alifanya kazi kwa hofu. Dulla alipokuja akamwambia sasa ameelewa ugonjwa: ni diski, ile inayotunza kila kitu. "Inakufa hiyo. Hamisha kila kilichomo kabla haijafa nacho." Maneno yale yalikuwa na akili, hata mimi niliyaona yana akili. Recho akanunua diski mpya, akaiunganisha, akashinda siku nzima anahamisha harusi za watu kutoka diski ya zamani kwenda mpya. Nilimpelekea ugali akaula akiwa amesimama. Ilipomaliza, akaifuta ya zamani yote, kwa sababu aliambiwa isafishwe ndipo ipimwe kama kweli imeoza.

Ikapimwa. Ilikuwa nzima.

Siku iliyofuata akapiga windo mpya kutoka kwenye flashi, maana yake aliifundisha kompyuta kazi yake yote upya tangu mwanzo. Ikakwama katikati, ikilalamika faili moja limeharibika. Akaanza tena kwa flashi ileile. Ikakwama mahali pengine, ikilalamikia faili jingine. Mara ya tatu, jingine tena. Recho akaondoa mikono mezani.

"Mama, njoo uone."

Nikaingia. Sikuona kitu cha kuona.

"Ingekuwa flashi ni mbovu, ingekwama palepale kila mara. Hii kila mara inakosea mahali papya. Kinachokosea ni kile kinachoshika vitu njiani."

"Kijiti."

Recho akatafuta kijiprogramu kinachowashwa chenyewe bila windo, kazi yake kupima RAM tu. Alinieleza hivi: kinaipa RAM kitu cha kushika, kisha kinaiambia nirudishie. Ikirudisha kilekile, sawa. Ikirudisha tofauti, ndiyo yenyewe. Kinafanya hivyo kuanzia mwanzo wa kijiti mpaka mwisho, na kinarudia. Kilianza asubuhi. Kwa muda mrefu hakukuwa na chochote, nikaanza kumwonea Dulla huruma. Halafu ikatokea mistari myekundu, mmoja, ikatulia, kisha mingi pamoja mpaka kioo kikajaa.

Akazima, akakitoa kijiti cha Dulla, akapima kile cha zamani peke yake. Safi. Akakiweka cha Dulla peke yake. Myekundu. Akakihamishia kwenye tundu la mwenzake ili asije akawa anakilaumu kwa kosa la tundu. Myekundu.

"Ubovu wake ni sehemu ndogo," akasema. "Kama kabati lenye rafu moja ya juu iliyooza. Ukiwa na vitu vichache huifikii. Ndiyo maana barua na picha havikuisumbua. Video ikijaza kabati mpaka juu, vya juu vinaharibika."

"Basi umepata. Kitoe."

"Nimeshakitoa."

Nilitegemea afurahi. Alikuwa ametazama ile diski mpya mezani. Akakirudisha kijiti kibovu, akachukua faili moja kubwa lisilo na maana, akalihamisha, akalinganisha lililotoka na lililofika. Hayakuwa sawa. Akalihamisha tena. Hayakuwa sawa, na hayakufanana na lile la kwanza. Hapo nami nikaelewa, ingawa ningependa nisielewe. Kila alichokiokoa siku ile akila ugali amesimama kilipita kwenye rafu iliyooza. Na ile diski ya zamani kilikotoka alikuwa ameifuta kwa mkono wake.

Akafungua Maneromango. Kuingia ukumbini, nzima. Kuvishwa khanga, ina doa hapa na pale. Maneno ya baba yalikuwa kwenye kipande kimoja kirefu, na hicho kilikataa kabisa kufunguka. Alikipitisha kwenye programu za kuokoa siku nyingi. Aliomba msaada kwa mafundi anaowajua mjini, wakamwambia aliyoyajua. Alichopata mwishoni ni mwanzo wa kipande: mzee anasimama, anakohoa, anasema, "Mwanangu Maua, huko unakokwenda," kisha picha inakatika vipande vya miraba ya kijani, na sauti inakuwa kama bati linalokwaruzwa.

Dulla alipoitwa alikaa kwenye ndoo yangu iliyofunikwa.

"Hiki uliweka lini?" Recho akamuuliza.

"Kile? Nilikiweka baada ya Maneromango. Jumanne hivi."

"Ijumaa," nikasema. "Kabla. Nilikuwa napiga pasi gauni la kwenda hukohuko."

"Mama unachanganya. Gauni unapiga pasi kila siku."

"La kitenge lile analivaa kwenye sendofu tu."

"Mama, tafadhali," Recho akasema.

Nieleze kwa nini siku ya kuwekwa kijiti ilikuwa na uzito. Kama kijiti kiliingia baada ya Maneromango, basi video ilitoka kwenye kadi ikiwa nzima, ikakaa nzima kwenye diski ya zamani, na aliyeiharibu ni Recho alipoihamisha. Kama kiliingia kabla, video ilizaliwa mbovu Jumapili ile, na Recho alihamisha maiti. Dulla alilijua hilo akiwa juu ya ndoo yangu. Alisema Jumanne.

"Mimi simlaumu mtu," akaongeza. "Haya mambo hutokea. Ila nilikwambia uhamishe, sikukwambia ufute bila kuangalia."

Recho akasema, "Ni kweli. Sikuangalia."

Nilitaka kumrushia Dulla pasi.

Tulikwenda Maneromango wawili, mimi na yeye. Dulla alikuwa na kazi. Kutoka Kisarawe tulipanda pikipiki mbili, njia imekatika na mvua, na Recho alikumbatia begi la laptopu ya kuazima kama amebeba mgonjwa. Maua alitupokea uani. Ni msichana mrefu, mpole, alikuwa na unga mikononi. Mzee Fabian alikuwa amevalishwa shati jeupe na kuketishwa kwenye kiti cha mikono. Walidhani tumeleta video. Majirani walikuwa wameanza kuvuta mikeka.

Recho hakungoja chai. Akasema palepale akiwa amesimama: "Dada Maua, maneno ya baba yameharibika. Niliyahamisha kwenye mashine mbovu nikafuta ya mwanzo. Kimebaki kipande kidogo cha mbele."

"Si ulisema ipo?"

"Nilisema."

"Ulisema ipo, nikamwambia baba ipo."

"Samahani, dada."

Maua akafuta unga kwenye khanga, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Haya. Tuone hicho kidogo."

Wakaweka laptopu kwenye kigoda mbele ya mzee. Akajiona anasimama, anakohoa. "Mwanangu Maua, huko unakokwenda." Bati likakwaruza.

"Rudisha," akasema Maua.

Recho akarudisha. Akarudisha tena. Mama mmoja pale uani akauliza wenzake, "Kwani alisema nini siku ile? Si tulikuwepo?"

Hakuna aliyejua. Mmoja alikuwa anapakua pilau. Mwingine alikumbuka kwamba mzee alitaja mvua, au pengine alitaja shamba. Shangazi mtu akasema yeye alikuwa anagombana na MC. Wote walikuwepo na wote waliacha kusikiliza, kwa sababu kamera ilikuwa inasikiliza.

"Mimi nilikuwa nalia," Maua akasema. "Sikushika kitu. Nilijisemea nitasikiliza baadaye nikitulia." Akamgeukia binti yangu. "Wewe, dada, ulikuwa karibu yake kuliko mimi. Alisema nini?"

Recho akafungua mdomo. Ningempa chochote wakati ule, ningempa hata masikio yangu.

"Nilikuwa naangalia mwanga," akasema. "Usoni kwake mwanga ulikuwa mdogo. Nilikuwa namwonyesha Dulla ahamie upande wa pili."

Ndipo Mzee Fabian akainua mkono mzima. Aliunyoosha kwenye kioo, kisha akauvuta kwa Maua. Mdomo ukaanza kufanya kazi. Alitaka kumalizia. Maneno alikuwa nayo yote, ungeyaona machoni yamepangana, yeye tu ndiye aliyekuwa nayo. Maua akapiga magoti, akaweka sikio. Ilitoka sauti moja nene, ikarudi ileile, na mate. Akajaribu mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso, halafu akaupiga mkono wa kiti kwa ngumi na kugeuza uso ukutani.

"Zimeni," Maua akasema. "Mnamtesa."

Tulipewa chai. Hatukuweza kuinywa, na kuiacha ilikuwa aibu, tukainywa.

Miezi kadhaa baadaye Bi Zena alinikaribisha kwake kutazama akika ya mjukuu. Alikuwa na flashi yake tangu Jumamosi ile, ila televisheni ndiyo kwanza imenunuliwa. Mtoto ananyolewa, wanawake wanaimba, na katikati ya kunyolewa ikapita miraba ya kijani, ikaondoka. Bi Zena alisema televisheni ina kasoro. Mimi niliinuka bila kuaga vizuri. Video ile ilimwagwa na kuingia kwenye flashi Jumamosi asubuhi, kabla ya safari ya Maneromango. Kijiti kilikuwemo. Ijumaa yangu ilikuwa Ijumaa.

Nilimkuta Recho anakata picha za pasipoti. Siku hizi anafanya hizo tu. Dulla amefungua studio yake Maili Moja, ina kiyoyozi, na tukikutana bado ananiamkia vizuri.

"Recho, nimeona kwa Bi Zena. Miraba ileile."

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Niliiazima flashi ya Bi Zena nikaijaribu kabla hatujakwenda kwa Maua. Nilijua uliyosema ni kweli."

"Ukaenda kule ukasema ni wewe?"

"Ilipita kwenye kijiti mara mbili, mama. Mara ya kwanza kwa Dulla, Jumapili tulipoimwaga, mara ya pili kwangu, nilipoihamisha. Maneno ya mzee yaliharibika mara ya kwanza au ya pili, hakuna anayejua. Pengine ya Dulla iliweka madoa tu na yangu ndiyo iliyomaliza. Ya kulinganishia nilifuta." Akaendelea kukata picha. "Na ningesema ni Dulla, maneno ya yule mzee yangerudi?"

Mpaka leo namwona Dulla, na najua anajua ilikuwa Ijumaa.

Maua bado anapiga simu, hasa Jumapili baada ya ibada. Video haiulizi tena. Mimi, nikiwa mlangoni, nasikia upande mmoja tu. Recho anasimama, anatoka nyuma ya meza, anageukia ukuta.

"Bado, dada," anasema. "Nikikumbuka hata neno moja nitakupigia."